Aliyemwangusha Baba Yangu

Wilbadi alifika kwenye kipaimara cha mjukuu wangu akiwa na meno yake yote mdomoni, na hilo peke yake lilitosha kuniharibia siku. Mimi yangu yamekwisha, nyama ya sherehe nakatiwa vipande vidogo kama mtoto. Gari lake lilitoka Njiro, huko Arusha mjini, likapanda mlima mpaka kwenye migomba yetu, dereva akamfungulia mlango, naye akashuka na fimbo yake na koti la kijivu, akasimama akivuta hewa utadhani mlima ameununua. Wanangu waliacha sahani wakamkimbilia. "Shikamoo baba mkubwa!" Baba mkubwa! Mimi ndiye niliyemtangulia kuzaliwa, kwa haki aitwe baba mdogo, lakini nani anauliza haki mbele ya gari? Tulikuwa hatujaonana tangu tulipomzika baba yangu. Nilidhani atanisalimia kwanza mimi mwenye sherehe. Wapi! Aliwageukia wageni waliokaa chini ya turubai, akainua fimbo, akasema kwa ile sauti yake ya dukani, ya kuita wateja, "Ninyi hamjui. Mwenye boma hili, baba yake huyu Anaeli, mimi nilimwangusha. Nilimlaza chali mbele ya usharika mzima!" Watu wakacheka, wakapiga makofi, mpaka mchungaji. Mimi niliangalia sahani yangu ya ndizi. Zaidi ya miaka sitini imepita, na moyo wangu ulifanya vilevile ulivyofanya siku ile. Wanaosema wivu huisha na uzee ni watu ambao hawakuwahi kuwa nao wa kutosha.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa enzi za Mwingereza. Wazee wakikutana walizungumzia ardhi tu, nani kahamishwa, nani anafuata, lakini mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili na shida yangu ilikuwa moja, nayo ililala kitandani kwangu. Baba yangu alikuwa fundi seremala, na alikuwa amemtengenezea Mchaga mmoja rafu za duka lake pale mjini Arusha, karibu na soko. Huyo Mchaga alikuwa na mtoto anayetoroka shule kila siku kwenda kuangalia malori. Wakakubaliana mtoto aje akae kwetu mwaka mmoja, asome shule ya misheni, huku ambako hakuna lori la kuangalia. Ndivyo Wilbadi alivyokuja na sanduku la bati, blanketi jekundu na mashavu ya mtu anayekula sukari. Alipewa upande wa ukutani, ule unaopakana na jiko, wenye joto, ambao ulikuwa wangu tangu nijue kulala. Mama alisema, "Mgeni hapigwi baridi, Anaeli." Sawa. Lakini mgeni siku ya kwanza, siku ya pili; huyu alikuwa mgeni mwaka mzima.

Na mezani ndiko kulikonichoma zaidi. Yeye alikuwa Mkatoliki, Ijumaa hali nyama, kwa hiyo Ijumaa sufuria lake lilikuwa mbali. Mama yangu, Mmeru wa loshoro, chakula chetu cha maziwa mgando, alikwenda kujifunza kupika kiburu kwa mke wa mwalimu wa Kichaga, ndizi na maharage vimepondwa pamoja, ili tu mtoto wa watu asikumbuke kwao akalia. Mimi niliwahi kulia kwa jino, nikaambiwa nikasukutue maji ya chumvi. Kisha baba akatoa amri kwamba tukiwa mezani tusiongee Kimeru, tuongee Kiswahili, kwa sababu si adabu kumteta mtu mbele yake. Hebu fikiria. Kiswahili changu kilikuwa cha vitabu vya shule, cha kusimama na kusema "naam mwalimu". Cha Wilbadi kilikuwa cha sokoni, kinateleza, kina utani ndani yake. Alimwambia baba hadithi za makuli na Wahindi, baba akacheka hadi akaweka kijiko chini. Mimi nilikuwa na hadithi pia, lakini zilikuwa za Kimeru, nazo zilikwama kooni pamoja na ndizi. Ndani ya miezi miwili alikuwa akimwita baba yangu "baba", na baba aliitika.

Mieleka ilianza kwa sababu ya mfereji. Watoto wa juu na watoto wa chini tuligombania maji wakati wa kumwagilia, tukachapana fimbo, na siku moja mtoto akapasuliwa kichwa. Baba akasema sasa basi, atatufundisha kupigana bila kuumizana. Yeye ujanani alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, huko pwani, na Jumapili kambini vibarua wa makabila yote walikuwa wakicheza mieleka. Huku kwetu hapakuwa na mchezo huo wenye sheria. Mzee mmoja wa kanisa alikuja nyumbani kulalamika kwamba hayo ni mambo ya kambini na pombe, watoto wa Kikristo hawafai kubiringishana chini. Baba alikuwa anapiga randa. Hakuacha. "Yakobo naye usiku ule na malaika alikuwa anacheza nini?" aliuliza. Yule mzee akaomba chai.

Jumamosi alasiri tukakusanyika chini ya migomba, mahali ambapo baba alikuwa ametandaza majani makavu na makapi ya kahawa mpaka yakafika kwenye vifundo vya miguu. Tulitaka kuangushana papo hapo. Baba akakataa. "Kwanza kuanguka," alisema. "Asiyejua kuanguka ataogopa, na mwenye woga ndiye anayeumiza wenzake." Wiki nyingi tulijifunza kuanguka tu. Kidevu kifuani. Usitangulize kiganja, utavunja mkono. Piga majani kwa mkono mzima, acha sauti itoke, pumua. Baadaye ndipo kila mtoto akafungwa kiunoni kamba ya maganda makavu ya mgomba, ndiyo ya kushikia. Ikikatika mnaanza upya. Kabali mwiko. Kuvuta kaptula mwiko, maana wengi wetu hatukuwa na kitu ndani. Mgongo ukigusa majani umeshindwa, na aliyekuangusha ndiye anayekupa mkono, anakuinua, anakukung'uta majani mgongoni. "Ukimwacha chini umepigana. Ukimwinua umecheza," alisema baba. Nimewahi kuona watu wazima wenye vyeo ambao hawakufundishwa jambo hilo.

Alitufundisha kwa mwili wake. Alimshika mtoto kiunoni, akamsogeza nyonga, akamwekea goti lake mahali pake, akamwinua juu kidogo ili aone uzito unakwenda wapi. Watoto walikuwa wakicheka kwa kutekenywa. Na mwisho wa kila Jumamosi, aliyefanya vizuri kuliko wote aliruhusiwa kumwangusha baba. Sisi sote tulijua anajiachia. Lakini alijiachia kwa ufundi, akipepesuka, akiguna, akizungusha macho, halafu puu! chini, majani yanaruka, na mtoto amesimama juu yake kama mfalme. Siku ya kwanza ya kupanga mstari wa kufungwa kamba nilijipanga. Nilikuwa wa tatu. Baba alimfunga kamba wa kwanza, akamfunga wa pili, akaja kwangu, akaniangalia, akampa Wilbadi ile kamba. "Mfunge mwenzako," alisema, akapita kwenda kwa wa nne. Nikasimama pale nikifungwa kiuno na Wilbadi, ambaye alinikaza mpaka nikakosa pumzi.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyeniambia sababu, nilipokwenda kunung'unika jikoni. Alikuwa anachagua maharage. "Mtoto hamwangushi baba yake," alisema, bila hata kuinua kichwa. "Mgongo wa baba ukigusa ardhi kwa mkono wa mwanawe, amemzika kabla ya siku yake. Hata kwa mchezo. Kwa mchezo ndiyo mbaya zaidi, maana hamjui mnachofanya." Nikamwambia baba ni mtu wa kanisa, haamini hayo. Bibi akacheka. Kweli baba alikuwa akizicheka mila nyingi, alikata miti ambayo wazee waliiogopa akaifanya viti, lakini hiyo moja hakuicheka hata siku moja. Ili asikosee aliweka uzio mpana. Hakunishika kabisa. Wengine aliwafundisha kwa mikono, mimi alinifundisha kwa mdomo. "Anaeli, goti. Anaeli, kidevu. Anaeli, usivute, subiri." Nilikuwa nasikia jina langu kuliko mtoto yeyote, na mkono wake sikuujua.

Kazi aliyonipa ilikuwa nyingine, na niliichukia. Akishaangushwa, yule mtoto mshindi alinyoosha mkono ili amwinue, kama sheria ilivyo. Baba aliupita ule mkono. "Wewe umemaliza kazi yako," alimwambia. Kisha aliita, akiwa bado chali, "Anaeli!" Nami nikatoka nilikokuwa, nikaweka mguu wangu mbele ya wake usiteleze, nikamshika kifundo cha mkono, yeye akashika changu, nikavuta. Halafu nikamkung'uta majani. Kila Jumamosi, wenzangu wakamwangushe, mimi nikamwokote! Wilbadi alimwangusha mara nyingi kuliko wote. Alikuwa akisimama pembeni akihema, mashavu yamewaka, huku mimi natoa makapi ya kahawa kwenye shati la baba yangu kama mtumishi wa bwana shamba. Nilimchukia, nisiseme uongo. Nilichukia mpaka anavyokoroma.

Jumapili moja, baada ya ibada, nilikuwa nimejilaza sebuleni, na baba na mama walikuwa chumbani wakibadilisha nguo. Ukuta wetu ulikuwa wa mbao, baba mwenyewe aliupiga, na mbao zilikuwa zimekauka zikaacha nyufa. Mama alisema kwa Kimeru, "Huyu wa mjini unampenda." Baba akasema, "Ana mwili wa mieleka. Ukimshika unajua, ni mzito kwa chini, hatikisiki." Nikasikia mama anafunga kanga. Kisha akauliza, "Na wa kwako, Baba Anaeli?" "Wa kwangu sijui uzito wake," alisema baba. Basi. Walipotoka nilijifanya nimelala. Nilikuwa nimeshika ile sehemu moja tu, kwamba mwingine ana mwili na mimi sijulikani hata uzito. Nilikwenda zangu shambani nikaipiga mateke miche ya kahawa mpaka bibi akanifukuza.

Sasa sikilizeni kosa la baba. Sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia, ile ambayo kila nyumba huleta kanisani ndizi, kuku, maboga na miwa, vikanadiwa nje baada ya ibada. Mchungaji alikuwa amekubali kwamba mnada ukiisha watoto waonyeshe mieleka. Baba kwa furaha akatangaza mbele yetu sote, "Atakayebaki wa mwisho siku hiyo, ataniangusha mimi mbele ya usharika." Nadhani hakuwahi kufikiria kwamba wa mwisho anaweza kuwa mimi. Hilo nalo liliniuma, lakini nililimeza, kwa sababu mimi nilisikia ahadi. Baba yangu hakuwa mtu wa kuvunja neno. Amesema atakayebaki, hakusema isipokuwa Anaeli. Nikaona mlango umefunguka. Nikaanza kutoka kila jioni kwenda kukata majani ya ng'ombe, na nikiwa huko nacheza mieleka na migomba. Migomba iliyokwisha kuzaa, ile inayongoja kukatwa, ina maji tele, ni mizito ajabu. Niliikumbatia kiunoni, nikaweka goti, nikasubiri, kama mdomo wa baba ulivyonifundisha. Mingi haikuanguka. Nilirudi na shati lenye utomvu, mama akaniuliza nimefanya nini, nikamwambia nimeteleza.

Siku ya mavuno kulikuwa na jua, na watu walikuwa wengi mpaka barabarani. Sitawachosha na watoto wa katikati. Tulibaki mimi na Wilbadi; yeye kila mtu alijua atabaki, mimi walidhani nimefika pale kwa bahati. Alinishika kamba, akanitabasamia. Na mara ile nikagundua kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona: Wilbadi alikuwa amezoea kuangusha mtu anayempenda. Alivuta, akangoja nipepesuke kama baba. Mimi nilikuwa nimejifunza kwa mgomba, ambao hauna mapenzi na mtu. Nilisubiri. Alivuta tena, uzito wake ukaja mbele, nikaingiza nyonga, nikampiga mtama, akaenda chini mzimamzima, mgongo wote. Watu walipiga kelele. Nilimpa mkono, nikamwinua, nikamkung'uta, kila kitu kwa sheria. Halafu nikageuka, nikamtazama baba, nikanyoosha mikono yangu miwili kuelekea kiunoni kwake.

Kelele zikafa. Nilimwona bibi ameinuka kwenye benchi la akina mama, mkono mdomoni. Nilimwona yule mzee wa kanisa akitazama viatu vyake. Baba alikuwa amesimama, tayari amefunga kamba yake, na uso wake ukawa wa mtu aliyesahau mtoto njiani. Hapo ndipo alipoelewa alichoahidi. Nilisema, "Baba, nimebaki mimi." Akageuza kichwa. "Wilbadi," aliita, "njoo." Aliyeshindwa! Huyo ambaye majani nilikuwa nimetoka kumkung'uta sasa hivi! Wilbadi naye, ambaye hakujua mila zetu, alikuja mbio, akamshika baba yangu, na baba akaanguka kuliko alivyowahi kuanguka, puu, mbele ya mchungaji, mbele ya mama, mbele ya dunia nzima. Makofi yakalipuka, nadhani kwa sababu watu walifurahi kwamba jambo limepita salama.

"Anaeli," baba aliita kutoka chini. Nilienda. Nilitaka kutokwenda, lakini miguu ilikuwa imezoea. Nikaweka mguu mbele ya wake, nikamshika kifundo, na nikavuta kwa hasira yote ya mwaka ule, kitanda, kiburu, Kiswahili, kamba, yote. Alikuja juu upesi kuliko sisi sote tulivyotarajia. Alinigonga kifua kwa kifua, kidevu chake kikagota kichwani kwangu, uzito wake wote ukawa juu yangu, nami sikuanguka. Nilimshika. Alikaa hivyo kidogo, akipumua kwenye nywele zangu, na akasema kwa Kimeru, taratibu, "Kumbe huu ndio uzito wako." Kisha akasimama wima akanigeuzia mgongo nimkung'ute. Nilimkung'uta kwa makofi. Nilimpiga mgongo ule kwa viganja vyote viwili, pa, pa, pa, huku machozi yanatiririka, majani yalishaisha siku nyingi na bado napiga. Watu walicheka. Baba hakusogea wala hakugeuka, alisimama vilevile mpaka mikono yangu ikachoka.

Mwaka ulipoisha Wilbadi alirudi mjini na sanduku lake, nikarudi upande wangu wa ukutani, Kimeru kikarudi mezani. Nilidhani nimepona. Lakini huyu hapa sasa, kipaimara cha mjukuu wangu, ameshiba nyama yangu kwa meno yake mwenyewe, anawaelekeza watoto jinsi alivyomlaza baba. Wajukuu walimzunguka wakiwa na viatu vipya vya sherehe. "Alianguka vipi, babu?" waliuliza. "Hivi," alisema, na yule mzee, na koti lake la kijivu, akaanza kujishusha kwenye nyasi kwa fimbo, goti moja, goti la pili, kidevu kifuani, mpaka akalala chali, akapiga nyasi kwa mkono mzima. Watoto walishangilia. Kisha akajaribu kuinuka. Akajaribu tena. Vijana wakamkimbilia, dereva akamkimbilia, naye akawapita wote kwa macho. "Mniache," alisema. "Anaeli!"

Nilikwenda polepole, maana magoti yangu si mazuri kuliko yake. Nikasimama juu yake. Alinyoosha mkono. "Kila Jumamosi nilimpa baba mkono huu, Anaeli," alisema, sasa si kwa sauti ya dukani. "Kila Jumamosi akaupita. Nikimwangusha ananicheka, halafu anakuita wewe. Nilikuwa nalala pale ukutani nakuonea wivu mpaka naumwa tumbo. Mama akadhani ni kiburu." Niliweka mguu wangu mbele ya wake, nikashika kifundo cha mkono wake, akashika changu, nikasubiri uzito uje, nikavuta. Alisimama, akaniegemea kifua kwa kifua, anahema, mzito kwa chini kama baba alivyosema. Kisha akanigeuzia mgongo wake, koti limejaa nyasi, akangoja.

Mkono wangu uliinuka. Nikaushusha. Nikamwita mjukuu wangu wa kipaimara aje amkung'ute, kwa sababu mimi mgongo wangu wa kukung'uta ulikuwa mmoja, wa baba, nao umelala pale nyuma ya kahawa.